Haisikiki

Kimya kingi hakina mshindo wowote. Aliyesema kina mshindo mkuu hakuwahi kukaa sebuleni kwetu siku tatu mfululizo akiisikiliza kompyuta ya Mama.

Afadhali ingekufa. Kitu kikifa unakisikitikia, unakiweka kando, unatafuta kingine. Kompyuta mpakato hii ilikuwa hai: taa inawaka, kioo kinang'aa, feni inavuma. Ila sauti ikitoka, inatoka kama watu wanaokuteta chumba cha pili. Unajua kuna maneno, unahisi yanakuhusu, lakini huyapati.

Mama ni mchapaji wa kumbukumbu za vikao. Ofisi inamtumia mikutano iliyorekodiwa, yeye anasikiliza na kuandika nani kasema nini na saa ngapi, neno kwa neno, hadi kikohozi cha mwenyekiti. Kazi hiyo ameifanya tangu enzi za mashine za chuma zilizolia kengele kila mwisho wa mstari, na ofisini mpaka leo wanamwita Bi Mashine. Siku hizi anaifanyia nyumbani, kwenye meza ya kulia, mgongo umenyooka kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Wiki hiyo ofisi ilimrudishia kazi mbili. Ukurasa mmoja ulikuwa na "haisikiki" kumi na moja kwenye mabano. Mjumbe anasema "Napendekeza," halafu haisikiki, halafu "wajumbe wote wakacheka." Wamecheka nini? Haisikiki.

Kaka yangu, anayeishi mbali na sisi safari ya siku nzima, alisikia habari hizo kwa Mama mwenyewe na hukumu akaitoa papo hapo. Mama amekuwa kiziwi. Akaitisha kikao cha familia kwa video, Jumamosi saa kumi alasiri. Wajumbe: yeye; Mama Mkubwa, yaani dada yake Mama, ambaye akisema jambo kwetu limesemwa; Mama; na mimi, wa kujaza viti. Ajenda ilikuwa moja. Mama aache kazi, nyumba ifungwe, ahamie kwa Kaka.

"Mimi nasikia," Mama aliniambia Alhamisi asubuhi. "Kinachonishinda ni hii mashine."

Nilimwamini. Tuseme nilikuwa njiani kumwamini.

Kuna jambo jingine lililonikosesha raha. Kwenye mazungumzo ya video Kaka ana mtindo wake. Anaanza kwa kupaza sauti mpaka mishipa ya shingo inamtoka: "MAMA! SHIKAMOO! HALI YAKO!" Mama anaitikia, "Marahaba, mwanangu, nzuri." Basi, zamu ya Mama imekwisha. Kaka anamgeukia Mama Mkubwa, anashusha sauti, na wawili hao wanamjadili Mama kama kabati linalotafutiwa gari la kuhamishia. Mama anabaki akitabasamu mbele ya kioo, spika zikimnong'oneza vumbi la maneno. Mimi nilikuwa nikiyapata yote kwa simu yangu, nikiwa chumbani. Nilipomwambia, alicheka.

"Kidomo, acha uchonganishi. Kaka yako hawezi kunisema mbele yangu."

Kidomo ni mimi. Jina sikulichagua, ila nimelitumikia.

*

Alhamisi nzima niliipigania kompyuta kwa maarifa. Nina stashahada ya uandishi wa habari na naandika matangazo ya redio, kazi ya vipande, na wiki hiyo vipande havikuwepo. Nikafungua mipangilio ya sauti. Kumbe sauti ina milango zaidi ya mmoja: upo wa kompyuta nzima, na upo wa kila programu peke yake. Wa programu ya Mama ulikuwa nusu. Nikausukuma hadi mwisho. Nikakuta mizani ya kushoto na kulia, nikaisawazisha. Nikakuta mahali pa kuongeza nguvu za sauti ndogo, nikawasha. Nikaizima kompyuta, nikaiwasha upya, nikaketi na kukunja mikono kama mganga.

Sauti ilipanda. Kwanza alikuwa mbu mmoja, sasa wakawa wawili.

"Si ungechomeka spika za nje tu?" alisema jirani, fundi cherehani, aliyekuja kurudisha mkasi na akaona nilivyokuwa nimevimba kwa hasira.

Ningechomeka wapi? Tundu la hedifoni lilivunjika mwaka jana, Mama aliponyanyuka kukimbilia sufuria na waya ukamng'ang'ania mguuni. Matundu mengine yote ofisi imeyafunga kwa programu, maana ndani mna siri za vikao vya watu, na kuunganisha bila waya nako wamekufunga. Kompyuta yenyewe ni ya ofisi. Mama alikuwa amebakiwa na spika mbili za ndani tu.

"Basi pole," alisema fundi cherehani. "Na mama naye, masikio yake mmepima?"

Nilimpokea mkasi. Lakini neno lilishaingia, na likaanza kutembea ndani yangu. Nikaenda jikoni, nikarudi. Nikafungua bomba, nikafunga, sikumbuki nilitaka nini. Mwishowe nikafanya jambo la aibu. Nilisimama nyuma ya mlango wa jikoni, Mama akiwa amenipa mgongo anachapa barua, nikasema kwa sauti ya kawaida, si ya juu wala ya chini:

"Mama, nyumba inaungua."

Tak-tak-tak, Mama anachapa. Hakugeuka. Hata bega halikucheza.

Niliketi juu ya ndoo. Moyo ulikuwa umeshuka mpaka kwenye ndara. Nilifikiri: ikiwa Kaka yuko sahihi, basi mimi ndiye ninayemtesa Mama. Mimi ndiye ninayemwambia kipofu asome.

Nilijipa jibu moja tu: kwanza niiponye hii mashine, masikio baadaye. Kipimo chenye hitilafu hakipimi mtu.

*

Ijumaa niliifunga kompyuta kwa kanga, nikaipeleka kwa fundi wa kona. Huyo wanamwita Daktari, kwa sababu anavaa tochi ya kichwani na huzungumza na mashine kabla hajazungumza na mwenye mashine.

"Pole, mgonjwa," aliiambia kompyuta. "Unaumwa wapi?"

"Hasemi," nilimjibu. "Ndiyo maana nimekuja."

Alicheka. Akaipigia mlio mmoja mrefu, akaweka sikio kulia, akaweka kushoto, akagongagonga kwa ukucha. "Spika zote mbili zina uhai," alisema. "Hazikohoi, hazikwaruzi. Sauti inazaliwa vizuri, inakufa njiani. Kujua zaidi ni mpaka nifungue."

Akaigeuza. Tukaiona wote kwa pamoja: juu ya skrubu ya katikati kulikuwa na stika ya ofisi, ya rangi ya fedha, ndogo kama ukucha wa mtoto. Daktari akaweka bisibisi chini.

"Hii nikiibandua inaacha alama, kila mtu aone imebanduliwa. Mama yako atawajibu nini ofisini?"

"Fungua," nilitaka kusema. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Jumamosi ilikuwa kesho, na mtu aliyebanwa na saa huona kila mlango unafaa kuvunjwa. Lakini nilimwona Mama mbele ya msimamizi wake akiulizwa habari za stika, mtu ambaye miaka yote hajawahi hata kuchukua kalamu ya ofisi. Nikaifunga kompyuta kwenye kanga.

"Dada, ngoja," Daktari aliniita nikiwa mlangoni. "Kabla hujampasua mgonjwa, muulize kwanza anakula nini. Mwangalie mama anavyoitumia. Usimwulize, mwangalie. Watu wakiulizwa hujibu wanavyotaka kuwa."

Nilimshukuru kwa mdomo. Moyoni nilimwona mwanafalsafa wa bure. Nyumbani nilimkuta Mama anakunja nguo zake, anaziweka mafungu mawili kitandani.

"Unafanya nini?"

"Napanga tu," alisema bila kuniangalia. "Mtu akiambiwa ahame ghafla asije akahangaika."

Usiku ule sikula vizuri.

*

Jumamosi saa tatu asubuhi niliketi pembeni ya meza na kikombe cha chai, nikamwangalia Mama akianza kazi. Nilijifanya nasoma.

Alifuta meza. Alifungua kompyuta. Alivuta droo, akatoa kopo la poda, lile la bati lenye waridi lililokwisha kufutika. Akajimiminia kiganjani, akasugua mikono, kidole kwa kidole, halafu akapiga kofi moja jepesi, paa, kukung'uta. Kisha akaweka vidole kwenye vitufe.

Nimemwona akifanya hivyo tangu najua kuona. Kwangu lile kopo lilikuwa kama kitasa cha mlango: kipo. Lakini asubuhi ile jua liliingia kwa pembeni kupitia dirishani, na katika ule mwanga niliiona poda. Ilipaa kwa kofi lile, ikazunguka juu ya kompyuta kama moshi uliokosa bomba, ikashuka taratibu kulia na kushoto mwa vitufe. Na kulia na kushoto mwa vitufe, kwenye vijistari viwili vya vitundu vidogo kama ncha ya sindano, ndiko spika zilikolala.

Nikaweka kikombe chini kwa kishindo.

"Mama, usiguse!"

"Nini? Nyoka?"

Nilipeleka jicho karibu mpaka pua ikagusa plastiki. Vile vitundu vingepaswa kuwa vyeusi. Vilikuwa na rangi ya jivu, na upande wa kushoto vilikuwa vyeupe kabisa, vimezibwa kimoja kimoja, kwa subira, kama ukuta uliopigwa lipu.

"Mama, hii poda ni ya nini?"

Alishangaa swali. "Ya vidole. Tulipokuwa tunajifunza uchapaji, mwalimu wetu alitupanga mstari kila asubuhi anakagua viganja. Ukiwa na jasho, karatasi ya kaboni inakuchafulia nakala zote tatu, unaanza upya. Kidole kikavu hakiharibu kazi. Ndivyo alivyosema."

"Kaboni umeigusa mara ya mwisho lini?"

Akafikiri. "Hujazaliwa."

"Basi hii kompyuta umeipaka poda miaka mitatu bure. Umeziba spika, Mama. Wewe mwenyewe."

Nilitarajia atacheka. Alilichukua kopo akalikumbatia. "Poda hii imewasomesha nyinyi. Usiisingizie."

"Siisingizii. Ilitusomesha, sasa inaisomesha spika kunyamaza. Niachie mashine."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka iseme."

Niliizima, nikaifungua kifuniko wazi, nikaiinamisha juu ya gazeti ili kitakachotoka kianguke, kisizidi kuzama. Nikachukua mswaki mpya, laini, nikaanza kupiga mswaki kompyuta ya watu. Poda ya juu ilidondoka kirahisi. Ya chini ilikuwa imekunywa jasho la viganja miaka mitatu, imekuwa ngumu kama chokaa. Nilichukua sindano, nikairudisha: nyuma ya vile vitundu kuna ngozi nyembamba inayotetemeka ndiyo sauti itoke, na ukiitoboa umeizika mwenyewe. Nikakata selotepu, nikaigandamiza, nikaing'oa. Ikaja na vinukta vyeupe vimejipanga safu kwa safu. Nikakata nyingine. Na nyingine. Palipogoma nilipapasa kwa pamba iliyoguswa spiriti, tone, si zaidi, nikangoja pakauke, nikarudi na selotepu.

Saa saba nilikuwa nimemaliza kulia, kushoto bado. Mama alileta chakula, nikala nimesimama. Kila baada ya dakika chache aliangalia saa ya ukutani na mimi nikaangalia alivyoiangalia. Mara nasimama, mara naketi, mara naenda dirishani kumtazama fundi cherehani akishona pindo lisilokwisha. Mafungu ya nguo yalikuwa bado yapo kitandani. Nilipopita mlangoni niliyaona, nikaongeza mwendo wa selotepu.

Saa tisa na robo niliiwasha.

"Weka ile iliyorudishwa," nilimwambia Mama. "Ile ya wajumbe kucheka."

Akaiweka. Na sebuleni kwetu akaingia mwanamume mzima, na koo lake, na kiti chake:

"NAPENDEKEZA TUBADILISHE VITI, MAANA HIKI CHA MWENYEKITI KINATOA MLIO USIO WA HESHIMA!"

Mama aliruka. Kule nje cherehani ilinyamaza. Wajumbe wote wakacheka, na safari hii Mama akacheka nao, kaweka mkono mdomoni, machozi yanamtoka. Kisha akavuta kiti, akanyoosha mgongo, na zile "haisikiki" kumi na moja akazijaza moja baada ya nyingine bila kurudia hata mara mbili.

Basi nikajua. Masikio yake yalikuwa mazima. Niliketi sakafuni.

"Nimpigie kaka yako nimwambie mashine imepona," Mama alisema. "Afurahi."

Hapa ndipo nilipofanya nilichofanya, na nakisema wazi. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Simu ilikuwa mkononi mwangu.

"Kikao kimekaribia," nilimwambia. "Si mtaonana humo humo?"

"Kweli," alisema Mama. Na simu nikaiweka mfukoni.

*

Saa kumi kamili Kaka alitokea, shati limepigwa pasi, nyuma yake mapacha wanarushiana mito. Mama Mkubwa alitokea nusu, kama kawaida yake: paji la uso na dari ya nyumba yake.

"MAMA! SHIKAMOO! UNANIONA?"

Sauti ilijaza chumba. Mama alikaa vizuri. "Marahaba, mwanangu. Nakuona, hata usipopiga kelele."

Kaka alicheka, akampungia mkono kama anavyompungia mtoto aliye ndani ya basi. Kisha akafanya kama desturi yake. Akageuza uso upande alikodhani Mama Mkubwa yupo, akashusha sauti.

"Haya, Mama Mkubwa. Tusizunguke mbuyu. Mimi nimeshaongea na msimamizi wake."

"Msimamizi wa nani?"

"Wa Mama. Nilimpigia Jumatano. Nimemwambia mwisho wa mwezi huu anaacha kazi."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha Mama. Sikuuona uso wake. Niliiona mikono tu. Ilikuwa imelala mapajani; ikanyanyuka, ikakaa kwenye vitufe, na ikaanza.

"Na mwenyewe anajua?" aliuliza Mama Mkubwa.

"Nitamwambia akishafika huku. Ukimwambia sasa atalialia bure, na kusikia kwenyewe hasikii."

"Mh. Na huko kwako atashinda akifanya nini?"

"Kazi ipo. Yaya ameondoka, mapacha hawa wametushinda. Mama akija, mambo yanakaa sawa."

"Wewe! Mtu hasikii, unamwachia watoto?"

"Aa, Mama Mkubwa! Hawa wanapiga makelele mchana kutwa. Asiyesikia ndiye anayewafaa."

Mama Mkubwa alicheka. Alicheka kwa sauti, paji la uso likatetemeka pamoja na dari. Tak-tak-tak, Mama aliandika.

"Nini hicho kinagonga?" aliuliza Kaka.

"Mama yuko kwenye mashine," nilisema.

"Mwache ajifurahishe. Na wewe Kidomo ujitafutie pa kuishi, nyumba naifunga."

"Yaani Kidomo naye umtupe nje?" aliuliza Mama Mkubwa.

"Mdomo anao, hatakosa pa kuutumia."

Waliendelea dakika kumi na mbili. Walichagua siku ya gari. Walikubaliana kitanda cha Mama kibaki, kwa kuwa kwa Kaka kipo cha mapacha, wabanane. Mara tatu Kaka alimgeukia Mama akapaza, "TUKO PAMOJA, MAMA?" na mara tatu Mama akaitikia kwa kichwa, kama karani mwema, bila kuinua vidole.

Kisha akainua mkono wa kulia, kiganja wazi, jinsi wajumbe wanavyoomba nafasi.

"Naomba kusoma kumbukumbu," alisema.

"KUMBUKUMBU GANI, MAMA?"

"Za kikao hiki. Usipige kelele, naumwa kichwa." Akavaa miwani. "Saa kumi na dakika tatu. Mwanangu wa kwanza amesema, nanukuu: mimi nimeshaongea na msimamizi wake. Saa kumi na dakika nne. Mwanangu wa kwanza: atalialia bure, na kusikia kwenyewe hasikii. Saa kumi na dakika tano. Dada yangu ameuliza kama asiyesikia anaweza kuachiwa watoto. Mwanangu wa kwanza: asiyesikia ndiye anayewafaa. Dada yangu amecheka. Mcheko mrefu."

Kule kwa Mama Mkubwa dari ilitoweka, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze vikao vya video tuliuona uso wake mzima.

Mama alisoma hadi mwisho. Alisoma "aa" zote na "mh" zote. Alisoma habari za kitanda. Hakubadili sauti hata mara moja, kama vile kikao ni cha ofisi ya watu na yeye amekodiwa tu. Mapacha walikuwa wameacha kurusha mito, wamekuja kusimama nyuma ya baba yao, wanasikiliza.

"Kumbukumbu zimeandikwa na mchapaji aliyekuwepo muda wote," alimalizia. Akavua miwani. "Kuna marekebisho?"

Hakukuwa na marekebisho.

"Basi yatokanayo. Kazi siachi. Kuhama sihami. Jumatatu saa mbili asubuhi utampigia msimamizi wangu, umwambie ulimwambia jambo usilotumwa. Mapacha nitakuja kuwasalimia likizo, kama mgeni. Na kitanda changu nitakilalia mwenyewe."

"Mama," Kaka alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo kweli, haikuwa ya spika. "Mama, mimi nilikuwa na wasiwasi na wewe. Haki ya Mungu."

"Najua, mwanangu. Wasiwasi nimeusikia. Na mengine nimeyasikia."

Akaniangalia juu ya bega. "Na wewe, Alhamisi uliposimama nyuma ya mlango ukasema nyumba inaungua, nilikusikia."

Nilihisi masikio yakiwaka moto. "Mbona hukujibu?"

"Nilinusa. Hakukuwa na moshi."

Ningecheka, lakini Kaka alikuwa ameshanipata. Mtu aliyeanguka hutafuta jiwe la kulaumu.

"Kidomo! Hiyo kompyuta imetengenezwa lini?"

"Leo. Saa tisa na robo."

"Saa tisa na robo! Ukaona usiniambie? Ukaniacha nivuke mto uchi, mbele ya Mama, mbele ya wanangu?"

"Mimi sikukuvua nguo, Kaka. Mimi nilisafisha spika."

"Ulinitega!"

"Nilikuacha useme ulivyozoea kusema. Kama ni mtego, umeutega mwenyewe kila wiki."

"Hebu, hebu," Mama Mkubwa aliingilia, akitafuta heshima yake mahali alipoiangusha. "Mdogo hamjibu mkubwa hivyo. Kaka yako ni kama baba yako. Kosa lake ameliona, lakini na wewe umemdhalilisha. Omba radhi, kikao kifungwe kwa wema."

"Kweli," alisema Kaka. "Aniombe radhi."

Feni ya kompyuta ilikuwa inavuma. Nilimsikia fundi cherehani akivuta kiti chake karibu na dirisha letu, hata hakujaribu kujificha. Kwetu mdogo ndiye huomba radhi. Hilo halina mjadala; unaweza ukawa umekanyagwa wewe, ukaomba radhi kwa mguu wako kuwa chini. Nimeomba radhi za namna hiyo tangu utoto, nyingi kuliko meno yangu.

Mama alinigusa mkono. Kiganja chake kilikuwa na jasho. Hakikuwa na poda.

"Mwombe tu kaka yako, mwanangu," alisema polepole. "Yaishe."

Niliitazama kompyuta, vile vistari viwili vyeusi, safi. Nilimtazama Mama, ambaye Jumatano aliuzwa kwa simu, Ijumaa akawa anapanga nguo zake mafungu mawili asije akawasumbua waliomuuza.

"Mama, kumbukumbu hujazifunga?"

"Bado ziko wazi."

"Basi andika," nilisema. "Saa kumi na dakika thelathini na moja. Binti ametakiwa aombe radhi. Amekataa."

Mama alivaa tena miwani. Kisha akageukia kioo, akanyoosha mgongo, na vidole vikaanza.